Cherehani ya nyumbani isigeuke kazi ya bure

KILA ifikapo Oktoba, mji wa Columbus katika jimbo la Ohio nchini Marekani hujaa magari yanayovuta matela ya farasi. Wafugaji, wakufunzi, watoto wa shule na wazazi wao hukusanyika kwa ajili ya maonyesho yaitwayo All American Quarter Horse Congress, yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo huendelea kwa wiki kadhaa. Mgeni anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amepotea njia na kuingia kwenye harusi. Mpanda farasi amevaa kofia ya pama, buti na koti lililomkaa sawasawa mwilini, na koti lenyewe limejaa vito vinavyometa chini ya taa, kuanzia kwenye kola hadi kwenye vifundo vya mikono.

Watazamaji wengi humwangalia farasi. Wengine humwangalia mpandaji. Wachache sana hujiuliza ni nani aliyeshona koti hilo.

Baadhi ya makoti hayo hutoka kwa mafundi wenye majina makubwa, ambao mteja husubiri zamu yake kwa miezi. Lakini mengine hushonwa nyumbani. Ni mama aliyesukuma vyombo vya chakula pembeni na kuweka cherehani juu ya meza ya jikoni. Ni mpandaji mwenyewe, anayebandika vito usiku baada ya kurudi kazini. Au ni jirani mwenye mkono mzuri, aliyeanza kwa kumshonea binti yake na sasa anaombwa na nusu ya kijiji.

Msomaji ana haki ya kutuuliza, haya yanaihusu nini safu ya biashara na kilimo? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, farasi ni mifugo kama mifugo mingine, na huko Marekani ni sekta kubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na American Horse Council, baraza linalowasemea wadau wa farasi nchini humo, ulikadiria kuwa sekta hiyo inachangia dola bilioni 177 katika uchumi wa nchi na kubeba ajira zipatazo milioni 2.2. Nyuma ya kila farasi yupo mkulima wa majani, muuza nafaka, daktari wa mifugo, fundi wa kwato, fundi wa matandiko na, tunavyosema leo, fundi cherehani.

Pili, ndani ya koti hilo limo swali la kiuchumi linaloikabili kila nyumba yenye cherehani: saa za mshonaji zinalipwa na nani? Msimamo wetu ni kwamba cherehani ya nyumbani ndiyo inayoliacha wazi lango la uwanja kwa familia zisizo na fedha nyingi. Lakini lango hilo halitabaki wazi kama anayeketi nyuma ya cherehani anafanya kazi ya bure bila yeye mwenyewe kujua.

Tuanze na mchezo wenyewe. Chama cha American Quarter Horse Association kilianzishwa mwaka 1940 mjini Fort Worth, Texas, na leo makao yake yako Amarillo katika jimbo hilohilo. Kinatunza daftari la ukoo wa farasi aina ya Quarter, waliopata jina hilo kwa sababu ya kasi yao katika mbio fupi za robo maili. Ni farasi wenye misuli minene na tabia ya utulivu, waliopendwa na wachunga ng'ombe kwa sababu walijua kumfuata ndama na kumzuia. Maonyesho ya mtindo wa western yametokana na kazi hiyo ya ranchi: kuongoza farasi, kumpitisha kwenye magogo na malango, kumgeuza, kumsimamisha, na kumwendesha taratibu kwa hatamu zilizolegea.

Katika mashindano mengi kati ya hayo anayepimwa ni farasi. Lakini yapo yanayompima mtu. Kwenye horsemanship mwamuzi hutazama jinsi mpandaji anavyoketi na anavyomwongoza farasi, na kwenye showmanship mshindani hutembea kwa miguu akimwongoza farasi kwa kamba na kumwonyesha kwa mwamuzi. Hapo ndipo nguo inapoanza kuwa na uzito. Koti lililokatwa vizuri linaonyesha mgongo ulionyooka na mabega yaliyotulia. Koti linalovimba kiunoni linamfanya mpandaji mzuri aonekane amejikunja.

Pamoja na hayo, kanuni hazidai vito hata kimoja. Mavazi ya msingi ya western katika kanuni za chama hicho ni kofia ya western, buti na shati la mikono mirefu lenye kola. Kuhusu matandiko, kanuni zimesema wazi kwamba vifaa vilivyopambwa kwa madini ya fedha havitapewa uzito zaidi ya vifaa vizuri vya kazi. Kwa maneno mengine, mtoto aliyevaa shati safi lililopigwa pasi, akakaa vizuri juu ya farasi aliyefundishwa vizuri, ana haki ya kushinda.

Basi kwa nini watu wanapamba? Kwa sababu wengine wanapamba. Wanauchumi tunaifahamu hali hii. Mmoja akiongeza safu ya vito mabegani, mwenzake anaona asipofanya hivyo hataonekana mbele ya mwamuzi aliyekwishapitiwa na wapandaji arobaini. Naye anaongeza. Mwisho wa msimu wote wametumia zaidi, na hakuna aliyemzidi mwenziwe kwa kumeta. Anayeumia ni mzazi mwenye mshahara wa kawaida. Bado ana chakula cha farasi cha kununua, tela la kuvuta na ada za kujiandikisha, na sasa anaambiwa kwamba koti la fundi maarufu linazidi dola elfu moja, na kwamba yapo yanayofika dola elfu kadhaa.

Mbele ya mzazi huyo kuna njia tatu. Anunue koti lililokwishavaliwa, kwa maana soko la mitumba ya nguo za maonyesho ni kubwa na lenye uhai. Amwambie mtoto asishindane. Au atoe cherehani kabatini.

Anayetoa cherehani hugundua haraka kwamba nguo hii haishonwi kama gauni la kwenda kanisani. Vipimo vya mtu aliyesimama havitoshi. Mpandaji huketi, huinamisha viwiko na kunyoosha mikono mbele kushika hatamu, kwa hiyo mkono wa koti lazima uwe mrefu kuliko kawaida, la sivyo utapanda na kuacha kifundo wazi. Pindo la nyuma likiwa refu mno litakwama kwenye tandiko. Ndiyo maana mshonaji mzoefu humwomba mteja aje na tandiko lake, akaliweka juu ya kitu imara, akamketisha na kumjaribisha akiwa hapo.

Kitambaa nacho kina masharti yake. Wengi hutumia kitambaa cha kuvutika ili nguo ibane bila kumzuia mtu kupumua. Kola na kifua huwekewa kiimarishi ndani ili visilegee. Vazi la miguu la ngozi linalovaliwa juu ya suruali, lenye matamvua pembeni, ambalo wenyewe huliita chaps, lingehitaji cherehani nzito ya fundi wa ngozi. Wengi wa majumbani hulikwepa tatizo hilo kwa kutumia Ultrasuede, kitambaa kinachofanana na ngozi laini kilichobuniwa na kampuni ya Toray ya Japan mwaka 1970. Kinapita kwenye cherehani ya kawaida na kinafulika.

Kisha vinakuja vito. Kitambaa cha kuvutika kikibandikwa vito kikiwa kimelegea, siku kitakapovaliwa kitavutika na vito vitaruka kama punje za mahindi kikaangoni. Kwa hiyo nguo huvalishwa kwanza kwenye sanamu ya fundi, ikavutika kiasi itakachovutika mwilini, ndipo kubandika kuanze. Mchoro huchorwa kwa chaki, gundi huwekwa tone kwa tone, na kila kito hushikwa kwa koleo dogo au kijiti chenye nta. Baada ya hapo nguo huachwa ikauke siku nzima au zaidi. Gundi hizo zina harufu kali, na dirisha lazima liwe wazi.

Mapambo haya hayakuanza jana. Wachunga ng'ombe wa Marekani walirithi mengi kutoka kwa wapanda farasi wa Mexico, ambao mavazi yao ya sikukuu yalikuwa na nakshi tangu zamani. Katika karne ya 20 washonaji kadhaa wahamiaji waliyaendeleza. Mmoja wao ni Nudie Cohn, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1902 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto. Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Bobbie walikuwa wakishona kwenye banda la gari la nyumba yao huko Los Angeles. Inasimuliwa kwamba mwanamuziki Tex Williams alikubali kuuza farasi ili fedha zake zinunue cherehani, na Cohn akamlipa kwa kumshonea nguo. Kutokana na cherehani hiyo kulizaliwa duka lililowavisha waigizaji na wanamuziki wa western, na mwaka 1957 likamshonea Elvis Presley suti ya dhahabu iliyotangazwa kuwa na thamani ya dola 10,000.

Tunaitaja habari hii kwa makusudi. Cohn alianzia nyumbani, kwa mtaji uliotokana na mnyama mmoja. Hakuishia bandani kwa sababu aliithamini kazi yake kama biashara na kuipangia bei yake. Wengi wenye kipaji kama chake hawakufika popote, na katika kuwapima tusitazame sindano zao tu. Tutazame na daftari zao.

Tuliosoma uchumi wa kilimo tunakumbuka somo la bajeti ya shamba. Mkulima anaandika bei ya mbegu, mbolea na gunia. Anauza mahindi, anatoa gharama, anaona faida. Mwalimu anamuuliza: na siku 60 ambazo mkeo na watoto wamepalilia, umeziandika wapi? Hakuna jibu, kwa kuwa nguvukazi ya familia haina risiti. Ikishaingizwa kwenye hesabu, faida mara nyingi hubaki ndogo sana au hutoweka kabisa. Cherehani ya nyumbani ni shamba la namna hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa koti moja, kwa tarakimu zinazorahisisha hesabu. Kitambaa dola 45. Bitana na kiimarishi dola 20. Zipu, uzi na gundi dola 15. Vito huuzwa kwa grosi, yaani vipande 144, na koti letu linameza grosi 20 za dola 8 kila moja, ambazo ni dola 160. Jumla ya vifaa ni dola 240.

Sasa saa. Grosi 20 ni vito 2,880. Kama kila kito kinachukua sekunde 10 tu, kuanzia kuweka gundi hadi kukikandamiza, hizo ni sekunde 28,800, ambazo ni saa 8 kamili. Siku nzima ya kazi imekwisha kwa kubandika peke yake. Tuongeze saa 22 za kupima, kukata, kushona, kujaribisha na kurekebisha. Jumla ni saa 30.

Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 2009. Kwa kiwango hicho cha chini kabisa, saa 30 ni dola 217.50, na koti limegharimu dola 457.50. Lakini huyu si kibarua asiye na ujuzi. Tukimpa dola 15 kwa saa, kazi yake ni dola 450 na koti ni dola 690. Hapo bado hatujaweka umeme, sindano zilizovunjika na uchakavu wa cherehani.

Hebu tuone mambo yanavyokwenda. Rafiki anakuja, anauliza vifaa ni kiasi gani, anaambiwa dola 240. Anasema, "Basi nitakupa na mia moja juu ya hapo, wewe si uko nyumbani tu?" Mshonaji anafurahi, kwa sababu dola 100 ni noti anayoiona. Saa 30 hazionekani. Akigawa, amelipwa dola 3.33 kwa saa, chini ya nusu ya kima cha chini ambacho mwajiri anayebanwa na sheria hiyo hathubutu kushuka chini yake. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hakulazimika. Koti la dola 690 bado ni nafuu kuliko koti la fundi maarufu. Nafasi ya kudai haki yake ilikuwapo sokoni, na aliyemnyima nafasi hiyo ni yeye mwenyewe, kwa kutoandika.

Je, sheria haimlindi? Historia ya Marekani katika jambo hili ni funzo. Baada ya sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 kuweka kima cha chini cha mshahara, serikali iliona kwamba baadhi ya waajiri walikuwa wakikwepa kwa kupeleka kazi majumbani, ambako hakuna mkaguzi anayehesabu saa. Katika miaka ya 1940 ikapiga marufuku kazi za namna hiyo katika fani 7, zikiwamo nguo za wanawake, glovu, vifungo na kutarizi. Baadaye marufuku hiyo ilianza kulegezwa. Mwaka 1984 ilianza na nguo za kufuma, na mwaka 1988 ukatolewa uamuzi wa kulegeza fani nyingine 5. Nguo za wanawake zikabaki ndani ya marufuku.

Lakini sheria hiyo inamhusu mtu anayemfanyia kazi mwajiri. Mama anayejishonea mwenyewe na kuuza kwa jirani hana mwajiri. Hana mkaguzi, hana chama cha wafanyakazi, hana karatasi ya mshahara. Anayeweza kumnyonya ni yeye na wapendwa wake.

Kodi nayo ina la kusema. Sheria ya kodi ya Marekani inatenganisha biashara na shughuli ya kujifurahisha. Anayeonekana kuwa anajifurahisha tu hawezi kutumia hasara yake kupunguza kodi ya mapato yake mengine. Kwa kawaida shughuli hudhaniwa kuwa ya biashara ikiwa imeleta faida katika miaka 3 kati ya 5. Lakini kwa wale wanaozalisha, kufundisha, kuonyesha au kukimbiza farasi, sheria inaridhika na miaka 2 kati ya 7. Yaani farasi amevumiliwa kuliko cherehani inayomvisha mpandaji wake. Hatusemi kwamba uvumilivu huo ni kosa, kwa kuwa farasi huchukua miaka kukua na kufundishwa. Tunasema tu kwamba mshonaji asitegemee huruma. Bila daftari hawezi kuthibitisha hata kwa nafsi yake kwamba ana biashara.

Lipo pia suala la kutegemea mtu mmoja kwa malighafi. Kwa miaka mingi jina lililotawala katika vito vya kioo lilikuwa Swarovski, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1895 huko Wattens, Austria. Wateja waliyataja majina ya rangi zake kwa moyo, na washonaji walijenga michoro yao juu ya rangi hizo. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza uuzaji wa vito vya rejareja kwa mafundi wadogo. Washonaji wa majumbani wakajikuta wakitafuta mbadala, wengine kwa Preciosa ya Jamhuri ya Czech na wengine kwa vito vya bei nafuu kutoka Asia, na kulazimika kulinganisha upya rangi, ukubwa na gundi. Aliyekuwa na koti nusu mezani alijua maana ya kukosa grosi mbili za rangi moja.

Mkulima wa pamba au tumbaku anaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Mwenye muuzaji mmoja wa pembejeo, au mnunuzi mmoja wa mazao, hulala usingizi wa mashaka.

Wapo watakaotupinga. Watasema kushona ni burudani, kwamba mama anayemshonea binti yake usiku anapata utulivu ambao hauna bei, na kwamba tukianza kupanga dola kwa kila saa tutaua upendo. Hoja hii ina ukweli, na hatutaki kuipuuza. Anayemshonea mwanawe hadaiwi kuandika ankara. Hata yeye, hata hivyo, atafaidika kwa kujua saa zake, maana huenda koti la mtumba la dola 300 lingempa muda wa kulala, au wa kumfundisha mtoto kupanda. Ila siku mteja wa kwanza anapobisha hodi, burudani imekwisha na biashara imeanza. Wengi hawaitambui siku hiyo. Wanaendelea kutoza bei ya upendo kwa watu wasio wa nyumbani mwao, halafu baada ya misimu miwili wanachoka, cherehani inarudi kabatini, na wazazi watano waliokuwa wakimtegemea wanabaki na njia ya fundi wa gharama au kumtoa mtoto mchezoni.

Ndiyo maana tunasema kumlipa mshonaji si kumkomoa mzazi maskini. Ni kuhakikisha kwamba mwaka ujao mshonaji huyo bado yupo.

Suluhisho lipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Vijana wengi wa Marekani huanza maonyesho ya farasi kupitia klabu za 4-H, zinazofuatilia mwanzo wake hadi Ohio mwaka 1902 na zinazosimamiwa na huduma ya ugani ya vyuo vikuu vya kilimo, huduma iliyowekewa msingi na sheria ya mwaka 1914. Klabu hizohizo zina miradi ya farasi na miradi ya kushona. Ofisa ugani mmoja anaweza kuwa na kijana anayefundishwa kusafisha kwato asubuhi na mwenzake anayefundishwa kuweka zipu mchana. Kinachopaswa kusisitizwa ni somo la kuwaunganisha: gharama za koti hili ni kiasi gani, na saa zako ziko wapi? Wasomaji wetu wa Kenya wanazijua klabu za 4-K, ambazo ni ndugu wa klabu hizo. Nazo zinaweza kufundisha kuku, bustani na daftari kwa pamoja.

Kwetu pia swali hili lina wenyewe. Katika visiwa vya Zanzibar na huko Lamu, wanawake hutarizi kofia za viua kwa mkono, tundu baada ya tundu, kazi ambayo kofia moja nzuri inaweza kuichukua kwa wiki nyingi katikati ya shughuli za nyumbani. Mvaaji huijua thamani yake siku ya Idi. Lakini ukimuuliza aliyeishona ametumia saa ngapi, wengi watakwambia, "Naishona nikipata nafasi." Nafasi hiyo ndiyo mtaji wake, na ndiyo isiyoandikwa. Ndivyo ilivyo kwa fundi anayebandika shanga kwenye gauni la sendofu hadi alfajiri, kisha akapunguza bei kwa sababu bibi harusi ni mtoto wa jirani.

Tunawashauri wote hao, wa Ohio na wa kwetu, mambo manne. La kwanza, kila kazi iwe na ukurasa wake: vifaa upande mmoja, saa upande wa pili, na saa ziandikwe siku ileile. La pili, mteja atajiwe mapambo kama bei tofauti na mshono, ili anayetaka vito 3,000 ajue analipia saa 8 za mtu, na anayetaka shati safi lililokaa vizuri asimlipie mwenzake. La tatu, malipo ya awali yatosheleze vifaa vyote kabla ya mkasi kugusa kitambaa, hasa kwa kuwa wateja wa maonyesho huja wote kwa pamoja miezi michache kabla ya Oktoba. La nne, asiwepo muuzaji mmoja tu wa malighafi.

Na kwa wazazi wanaokaa pembeni ya uwanja tunasema, kanuni hazijawalazimisha. Mwamuzi ameambiwa atazame kazi. Mkiamua kupamba, pambeni kwa fedha zenu wala si kwa usingizi wa jirani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Koti la maonyesho linapotea kwa namna ya ajabu zaidi, kwa sababu linapotea huku likimeta. Uwanja mzima unaliona, mpandaji anapigiwa makofi, picha zinapigwa. Aliyelishona anarudi nyumbani, anafungua pochi, na hajui kama amepata au amekosa. Akinunua daftari moja la shule na kuanza kuandika usiku wa leo, msimu ujao atajua.